Jina Ndani ya Kola: Mwongozo wa Kukusanya Sare za Askari wa Keya

Mwaka 1964 Serikali ya Ujerumani Magharibi iliamua kuwalipa malimbikizo ya mishahara askari Waafrika waliopigana upande wa Wajerumani katika Vita Kuu ya Kwanza. Ofisa wa benki alitumwa Mwanza na fedha, na wazee wapatao 350 wakajitokeza kudai haki yao. Wachache tu walikuwa bado na vyeti walivyopewa na kamanda wao, Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck, mwaka 1918. Wengine walikuja na vipande vya sare zao za ujanani, wakavitoa kama ushahidi. Inasimuliwa kwamba yule ofisa, alipokosa namna ya kuwatambua, alimpa kila mzee ufagio na kuamuru gwaride la bunduki kwa Kijerumani, na hakuna hata mmoja aliyekosea.

Vipande vile vya nguo vilikuwa na uzito kwa sababu aliyevivaa alisimama pale pale akavisemea. Leo hayupo. Ukikuta gwanda la zamani ndani ya sanduku la bibi, au likitembezwa na muuzaji wa vitu vya kale, kazi yako ya kwanza ni kujua lilikuwa la nani, na ya pili ni kuhakikisha jina hilo haliachani tena na nguo. Uzuri wa vifungo, ukamilifu wa beji, hata bei, hayo yote yanafuata nyuma. Nitazungumzia zaidi sare za King's African Rifles (KAR), jeshi ambalo wazee wetu waliliita Keya, maana ndizo unazoweza kukutana nazo Tanzania, Kenya au Uganda.

Sheria kabla ya sanduku

Usianze kukusanya kabla hujaelewa sheria ya nchi yako. Tanzania, Kenya na Uganda zote zinamkataza raia kuvaa sare za jeshi bila idhini, na kumiliki tu kunaweza kukuingiza matatani. Mwaka 2023 Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) liliwapa raia siku saba kusalimisha sare za jeshi na mavazi yanayofanana nazo. Gwanda la Keya la mwaka 1943 si sare ya JWTZ wala ya KDF, jeshi la Kenya, lakini askari wa doria anayekukuta nalo usiku barabarani hawezi kuijua tofauti hiyo kwa kulitazama.

Kwa hiyo usilivae, hata kwa kupiga picha, hata siku moja. Ukilisafirisha, liwe limekunjwa ndani ya sanduku, pamoja na karatasi inayoeleza ni la mwaka gani, ulilipata kwa nani na unalipeleka wapi. Kabla ya kununua mzigo mkubwa, nenda makumbusho ya taifa au kituo cha polisi uombe maelekezo kwa maandishi. Achana kabisa na vitu vya majeshi yaliyopo sasa: JWTZ iliundwa Septemba 1964, na kitu chochote cha tangu hapo si cha mkusanyaji binafsi. Ukikuta risasi au bomu ndani ya sanduku la mzee, usiviguse. Toka, funga mlango, waite polisi.

Keya walikuwa akina nani

Huwezi kulisoma gwanda bila kulijua jeshi lenyewe. KAR iliundwa tarehe 1 Januari 1902 kwa kuunganisha vikosi vya Nyasaland, Afrika Mashariki ya Waingereza, Uganda na Somaliland. Mwaka 1914 ilikuwa na batalioni 3 tu. Mwaka 1918 zilifika 22. Batalioni ya 6, iliyovunjwa mwaka 1910, ilifufuliwa mwaka 1917, na ndani yake waliingia askari waliokuwa wa Wajerumani na kutekwa. Hapa kuna jambo la kuzingatia: mzee mmoja angeweza kuvaa sare mbili za maadui wawili katika vita vilevile, na familia ikakumbuka moja tu.

Vita vya Pili viliwapeleka mbali zaidi: Ethiopia, Madagaska, kisha Burma. Ukiona kwenye cheti au kwenye bega la gwanda namba ya batalioni, umepata ufunguo. Katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyopigana Burma mwaka 1944 na kupita bonde la Kabaw hadi Kalewa na mto Chindwin, batalioni ya 26 na ya 36 zilikuwa za Tanganyika, ya 34 na ya 44 za Uganda, ya 22 ya Nyasaland, na ya 11 ya Kenya. Divisheni hiyo ilivaa alama ya kichwa cha kifaru. Kipande kidogo cha kitambaa chenye kifaru, kilichotunzwa ndani ya Kurani au Biblia ya marehemu, kinaweza kukuambia vizuri zaidi alikuwa wapi mwaka ule kuliko hadithi nyingi.

Wala si kila aliyerudi na kaki alikuwa Keya. Wengi walikuwa madereva wa EAASC (East African Army Service Corps), wahudumu wa hospitali, wapiga mizinga, na vibarua wa vikosi vya pioneer waliokwenda Mashariki ya Kati. Familia husema "babu alikuwa Keya" kwa maana ya "babu alikuwa jeshini." Usibishane nao, andika walivyosema, kisha tafuta ushahidi. Wapagazi wa Carrier Corps katika Vita vya Kwanza, ambao jina lao limebaki Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi, hawakuacha sare nyingi, maana wengi walivaa walichotoka nacho nyumbani na kuongezewa blanketi. Anayekuuzia "sare kamili ya mpagazi wa 1916" anahitaji kuulizwa maswali mengi.

Kulisoma gwanda

Tandika shuka jeupe mezani karibu na dirisha. Nawa mikono, ikauke vizuri, vua pete na saa. Lilaze gwanda, tuseme la kaki ya pamba lenye mifuko minne, na uligeuze ndani nje, kwa sababu habari nyingi ziko upande usioonekana.

Anza na kola kwa ndani, kisha bitana ya mifuko, kisha pindo la chini. Kwa kaptura au suruali, tazama ukanda wa kiuno. Hapo ndipo askari walipoandika au kugongewa namba na jina ili nguo zisipotee kwa dobi. Wino huwa umefifia ukawa rangi ya chai. Usiulowanishe ili "utokeze". Ukiulowanisha unaweza kuupoteza moja kwa moja. Shika tochi chini, mwanga upite juu ya kitambaa kwa ubavu, piga picha, kisha ongeza utofauti wa rangi kwenye simu. Mara nyingi tarakimu mbili au tatu zitajitokeza. Ziandike hata kama hazijakamilika.

Tafuta lebo ya mtengenezaji. Nguo za jeshi la Uingereza huwa na ukubwa, jina la kiwanda na mwaka, na alama ya mshale mpana wa serikali. Mshale ukiwa ndani ya herufi C, nguo ilitengenezwa Kanada. Ukiwa ndani ya U, Afrika Kusini. Mwaka wa lebo ni mwaka wa kushonwa, si wa kuvaliwa: gwanda la 1942 lingeweza kugawiwa 1945 na kuvaliwa hadi 1950. Lakini haliwezi kuwa lilivaliwa Ethiopia mwaka 1941, na hoja hiyo peke yake imeshaangusha hadithi nyingi za wauzaji.

Sasa tazama mikono. Pale palipokuwa na tepe za cheo, kaki huwa haijapauka kama sehemu nyingine, na utaona kivuli cha umbo la V. Hesabu vivuli na uhesabu mistari ya matundu ya sindano. Vitatu ni sajini, viwili koplo. Ukikuta kivuli cha tatu lakini tepe zilizoshonwa sasa ni mbili, usikimbilie kusema ni bandia. Huenda mwenyewe alishushwa cheo, huenda nguo ilipita kwa mtu mwingine, huenda mjukuu alishona tepe alizozikuta sandukuni. Angalia uzi: uzi wa pamba uliozeeka umepauka pamoja na nguo, na tundu lake limejibana. Uzi mpya unang'aa na tundu lake liko wazi.

Kifuani kushoto, juu ya mfuko, tafuta vitanzi au matundu ya riboni za medali. Mabegani, matundu ya herufi za shaba. Mwishoni vitu vya chuma: chupa ya maji, bakuli la chakula, kijiko. Askari walikwaruza majina yao huko kwa msumari, na jina la msumari halifutiki kwa dobi. Mimi ningelipa zaidi kwa kijiko chenye jina na namba kuliko kwa koti zuri lisilo na chochote.

Na makabuti? Yale makoti mazito ya sufu yaliyorudi na askari baada ya vita yalivaliwa na walinzi wa usiku na wazee wa nyanda za juu kwa miongo mingi, na mengi yaliisha hapo. Kabuti lenye viraka vya shamba na moshi wa jikoni ni la kweli zaidi kuliko lile lililonyooka kama limetoka dukani leo. Viraka hivyo usiviondoe. Navyo ni sehemu ya maisha ya nguo.

Namba kwanza, jina baadaye

Majina ya askari Waafrika yaliandikwa na makarani waliosikia vibaya. Juma bin Ali wapo mamia. "Arap", neno la Kikalenjin la "mwana wa", likageuzwa jina la ukoo. Mwingine alijiandikisha kwa jina la rafiki, au kwa kabila ambalo maofisa walilipendelea. Namba ya jeshi, ambayo mara nyingi hutanguliwa na herufi, ndiyo inayomtenganisha mtu mmoja na mwingine. Ukiwa na namba na batalioni, jina lililokosewa unaweza kulivumilia.

Anzia kwa familia. Uliza cheti cha kuachishwa jeshi, kitabu cha malipo, barua, picha ya studio. Picha ni muhimu kuliko watu wanavyodhani: geuza nyuma usome jina la studio na mji, kisha linganisha kofia, beji na tepe na vitu ulivyonavyo mkononi. Rekodi mazungumzo kwa simu, ukitaja mwanzoni tarehe, mahali na nani anazungumza. Muulize mzee aliyebaki ni nyimbo gani za gwaride babu aliimba, aliwataja maofisa gani, alipanda meli bandari ipi. Mtu aliyetumikia Burma huzungumza juu ya mvua, matope na nyumbu wa mizigo. Ukisikia jangwa na Waitaliano, unatafuta kwingine.

Baada ya hapo nenda kwenye nyaraka. Nyaraka za Taifa za Kenya ziko katikati ya Nairobi, na Tanzania inazo zake Dar es Salaam; humo mna mafaili ya utawala wa wilaya yanayogusa uandikishaji na malipo ya askari waliorudi. Uingereza, Nyaraka za Taifa zilizoko Kew zinatunza shajara za vita za batalioni: mfululizo WO 95 kwa Vita vya Kwanza, WO 169 kwa Mashariki ya Kati na WO 172 kwa Asia ya Kusini-Mashariki katika Vita vya Pili. Usitarajie kumkuta babu kwa jina. Mara nyingi shajara huwataja maofisa kwa majina na askari kwa idadi. Faida yake ni kukuonyesha batalioni ilikuwa wapi siku gani, ili hadithi ya familia ipate tarehe.

Aliyekufa vitani, mtafute katika daftari la Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, CWGC, ambalo husomwa bure mtandaoni. Miongoni mwao wamo askari wa mizinga wa Afrika Mashariki waliozama na meli ya Khedive Ismail karibu na Maldivi tarehe 12 Februari 1944, ambapo watu 1,297 walipoteza maisha.

Medali na udanganyifu

Medali ya Vita ya Uingereza ya 1914–1918 ina kipenyo cha milimita 36, na ukingoni mwake mna namba, cheo, jina na kikosi. Wadanganyifu hukwangua jina la asili na kuandika jingine, kwa hiyo pima kwa kalipa: ukingo uliokwanguliwa hupungua. Medali ya Africa General Service yenye bamba la "Kenya", ya mapambano dhidi ya Mau Mau kati ya 1952 na 1956, nayo ina jina ukingoni. Nyota za Uingereza za Vita vya Pili, kama Africa Star na Burma Star, kwa kawaida zilitolewa bila jina. Maana yake ni kwamba mtu yeyote anaweza kuibandika Burma Star kwenye gwanda lolote na kupandisha bei. Isipokuwa kuna cheti, picha au ushahidi wa familia, nyota isiyo na jina haithibitishi lolote kuhusu nguo.

Kwa nguo, tumia tochi ya mwanga wa urujuanimno gizani. Nyuzi za kisasa na lebo mpya hung'aa rangi ya bluu nyeupe. Pamba ya zamani hubaki imefifia. Ila kumbuka kwamba sabuni za unga za leo nazo huifanya nguo nzima ing'ae, hivyo gwanda lililofuliwa na mjukuu linaweza kuonekana bandia wakati ni halisi. Njia ya pili ni kuchomoa uzi mmoja mfupi kutoka ndani ya mshono na kuuchoma: pamba huungua ikaacha jivu lenye harufu ya karatasi, poliesta huyeyuka ikawa shanga ngumu. Poliesta haikuingia sokoni hadi baada ya Vita vya Pili.

Kununua kwa familia, au kutokununua

Ukienda nyumbani kwa watu, nenda na mwenyeji wao, piga hodi, kaa, kunywa chai, usilitaje gwanda kwanza. Eleza wazi kwamba linaweza kuwa na thamani ya fedha na kwamba wana hiari ya kukataa. Kumnunulia mjane medali kwa bei ya kilo ya nyama, huku unajua itauzwa mnadani London kwa mara mamia ya hapo, ni wizi hata kama amekubali kwa mdomo. Andikeni hati ya mauziano mbele ya mwenyekiti wa mtaa au wa kijiji na ndugu wawili, ikitaja kila kitu kimoja kimoja. Waachie nakala za picha na vyeti vyote. Hati hiyo ndiyo itakayokulinda mbele ya sheria, na ndiyo itakayomthibitishia mkusanyaji wa baadaye jina la askari.

Wakisema hawauzi, wafundishe kutunza. Nami nakushauri uwatie moyo wasiuze kila inapowezekana.

Usitenganishe kamwe vitu vya mtu mmoja. Muuzaji anayegawa medali huku, gwanda kule na cheti kwa mtu wa tatu hupata faida ya haraka, na askari yule anapotea kwa mara ya pili.

Kuna majina yanayohitaji heshima ya pekee. Waruhiu Itote alitumikia KAR Burma, kisha akawa Jenerali China wa Mau Mau. Wengine walibaki na KAR wakapigana na jamaa zao msituni. Wajukuu wa hawa wa pili huenda hawataki jina la babu litangazwe kijijini. Litunze kwenye daftari lako, usilitangaze bila ruhusa.

Utunzaji katika joto letu

Usilifue, usilipige pasi, usilitie mafuta wala manukato. Maji huondoa wino, na pasi huvunja nyuzi zilizokauka. Vumbi liondoe kwa brashi laini.

Nguo ya sufu yenye nondo itie kwenye mfuko wa plastiki, toa hewa, funga, iweke kwenye friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Ukiitoa, usifungue mfuko mpaka irudi joto la chumba, la sivyo unyevu utatua juu ya nguo. Naftalini isiguse kitambaa.

Nguo ilazwe bila kukunjwa sana, na pale pa kukunja pawekwe karatasi nyeupe isiyo na asidi, au marekani iliyofuliwa mara kadhaa hadi wanga wote utoke. Makumbusho hutumia kitambaa cha namna hiyohiyo kushona mifuko ya kufunikia nguo za kale. Ukitaka kuitundika, kitundikio kiwe kinene, kimefungwa pamba na marekani. Waya utapasua mabega. Pwani, chumvi na unyevu ni adui wa shaba na chuma: weka vipakiti vya kunyonya unyevu, na ngozi isilale juu ya shaba, maana hutoka kutu ya kijani inayokula vyote viwili. Beji usizing'arishe, kwa sababu kila mng'aro huondoa kidogo cha alama iliyochongwa. Tengeneza lebo kwa penseli, si kwa kalamu ya wino, na uifunge kwa uzi wa pamba: jina, namba, kikosi, aliyekupa, tarehe.

Mwaka 2021 CWGC ilichapisha ripoti iliyokiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuwekewa kumbukumbu kwa majina yao, au hawakukumbukwa kabisa. Kwa hiyo ukipata gwanda, cheti au barua ya askari au mpagazi aliyefia vitani, na ukitafuta jina lake katika daftari lao usilione, usiishie kulifungia kabatini. Omba ruhusa ya familia, piga picha kila ukurasa, uzipeleke CWGC pamoja na nakala ya mazungumzo uliyorekodi. Tume inapokea ushahidi wa namna hiyo kwa ajili ya majina yaliyoachwa.